Nilisema "Safi" Bila Kuutazama Mguu wa Kaka

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu nimeshaandika mwanzo wa barua hii mara nyingi, na kila mara nilijikuta naanza na baridi ya Lushoto, au na tabia za kaka yangu, au na ubaya wa ugonjwa wa sukari. Nilianza na kila kitu isipokuwa mimi. Nimesoma chuo kikuu, na kulizunguka jambo ni kazi niliyofundishwa nikafaulu.

Nilipewa mguu wa kaka yangu niutazame. Nikasema nimeutazama, na sikuutazama. Mguu ukakatwa. Lawama akaibeba yeye, nami nikamwacha aibebe mpaka akaingia nayo kaburini.

Niliporudi Lushoto kutoka Dar es Salaam niliwaambia watu kwamba nimestaafu mapema ili niandike. Ukweli ni kwamba ofisi ilipunguza watu, na mimi nikawa wa kwanza kupungua. Lakini naandika kweli. Makala zangu hutoka magazetini, na kwa bahati nzuri magazeti hayo hutumika pia kufungia maandazi, kwa hiyo hazipotei bure.

Dar nilizoea kukimbia peke yangu asubuhi, mkononi nimevaa saa inayopima mapigo ya moyo. Nilisoma sana habari za mazoezi. Nilijua pumzi inavyotakiwa kuingia na kutoka, nilijua msuli gani unafanya nini. Nikajiona mtaalamu, na hakuna aliyekuwepo wa kunikatalia, maana nilikuwa nakimbia peke yangu.

Kaka yangu Danieli hakuwahi kuondoka Lushoto. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyebaki na shamba la bondeni, akalima karoti na kabichi, akawa anazipeleka sokoni Soni. Mimi nilisomeshwa na karoti hizo. Digrii yangu, ukiikuna vizuri, chini yake utakuta udongo wa shamba la kaka.

Nilimkuta na sukari. Macho yalikuwa yameanza kufifia na nyayo zilikufa ganzi.

"Unaweza kunichoma mwiba sasa hivi," aliniambia siku ya kwanza tulipoketi jikoni kwake, "na mimi nikaendelea kukuuliza habari za watoto."

Mkewe, shemeji yangu Mama Tumaini, hakucheka. Alisema daktari amemwambia mzee atembee sana, asiende peku, na nyayo zake zitazamwe kila mara, kwa sababu mtu asiyesikia maumivu hawezi kujua ameumia.

Kwa ajili hiyo kaka alikuwa amejiunga na kundi la mazoezi, na Jumamosi iliyofuata akanichukua na mimi.

Ambaye hajakimbia na kundi lile nimweleze kidogo. Wanakutana uwanjani asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mikaratusi, wanapanga mistari miwili na kuanza mchakamchaka kama wa shule ya msingi, kwa nyimbo na makofi. Kiongozi ni Mwalimu Rajabu, mwalimu wa michezo mstaafu, mzee mwenye sauti inayofika Magamba, kule juu mlimani, kabla ya miguu yake. Wanaokwenda polepole wanawekwa mbele, na wenye kasi wanakaa nyuma yao. Hakuna anayempita mwenzake. Barabara inapanda, kundi zima linapanda kwa mwendo wa yule aliyechoka kuliko wote.

Wakirudi uwanjani wanaketi kwenye majani, wanavua viatu na soksi. Wote, mzima na mgonjwa, tajiri na asiye na kitu. Kila mtu ana mwenzake anayeitwa pacha. Pacha anapiga goti mbele yako, anaushika mguu wako, anatazama unyayo, kisigino na katikati ya vidole. Kisha Mwalimu anaita jina la kila mmoja, na pacha wake anajibu kwa niaba yake. Mguu ukiwa mzima anajibu, "Safi." Ukiwa na lengelenge, mpasuko au chochote, anakisema.

Mwalimu Rajabu aliuanzisha utaratibu huo baada ya mama yake mzazi kuondoka duniani kwa kidonda cha unyayo ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amekiona. Hakutaka wagonjwa wa sukari wakae peke yao upande mmoja wakikaguliwa kama mbuzi wa mnada, kwa hiyo akaamua kila mtu avue. Mimi niliupokea utaratibu huo kama mambo ya kijijini.

Siku hiyo ya kwanza nilikwenda na viatu vya rangi ya limau na saa yangu. Mama Shufaa, muuza mapeasi, ndiye aliyeanza.

"Msomi, hiyo saa inakwambia nini?"

"Mapigo ya moyo, mama."

"Sisi ya kwetu tunayasikia humu humu," akajipigapiga kifuani. "Au ya wasomi huwa yanahamia mkononi?"

Watu wakacheka. Nilicheka pia, lakini kwa meno tu.

Kabla hatujaanza nilimwendea Mwalimu nikamshauri. Nilimwambia kuimba wakati wa kukimbia kunaharibu pumzi, na kwamba ingefaa kundi ligawanywe kwa uwezo, wepesi kwao na wazito kwao. Nadhani nilitumia neno "kitaalamu" mara nyingi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha.

"Asante sana, ndugu yangu," akasema. "Kwa leo utakimbia nyuma ya kaka yako."

Nilikimbia nyuma ya kaka mpaka kilima kilipoanza, nikashindwa kuvumilia. Nilichomoka kwenye mstari nikawapita wote, nikafika juu peke yangu, nikasimama na mikono kiunoni kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kundi likaja taratibu likiimba. Kaka alipofika, jasho linamtiririka, aliniangalia akasema, "Nilidhani umetangulia kutuandalia chai."

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake. Alikurekebisha kwa maneno ambayo ungeweza kuamua kutoyaelewa, na mimi niliamua hivyo.

Uwanjani tulipangwa mapacha, mimi na yeye. Mwalimu alipenda ndugu wakae pamoja. Kaka alianza. Akapiga goti kwa shida, akaushika mguu wangu kwa viganja vyake vilivyokakamaa kwa jembe. Kwa kuwa macho hayakuona vizuri, aliupapasa unyayo wote kwa vidole, akanitoa jani lililoganda kisiginoni, akasema kwa sauti, "Safi."

Zamu yangu ikafika. Nilipiga goti. Mguu wa kaka ulikuwa umetoka katika kiatu cha zamani, baada ya wiki nzima ya kushinda ndani ya gambuti, na sitawadanganya kuhusu harufu. Ndipo Mama Shufaa akapaza sauti, "Jamani tazameni, chuo kikuu kimepiga goti!"

Uwanja mzima ulicheka. Kaka naye alicheka, tumbo likatikisika. Ulikuwa utani wa mtu kwa mtu wake, kwa kweli ilikuwa namna yao ya kunikaribisha. Mimi nilisikia masikio yanawaka moto. Niliona viatu vyangu vya rangi ya limau, niliona suruali yangu imeloa umande magotini, nikaona miaka yote ya kusoma imeishia hapa, nimeinama mbele ya unyayo wa mkulima, wauza mapeasi wananicheka.

Niliutazama mguu siku hiyo. Jumamosi iliyofuata niliutazama pia, haraka. Baada ya hapo sikupiga goti tena.

Nilibuni mbinu. Nilichuchumaa kidogo kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaupitishia mguu macho kwa juu, ule upande wa kucha ambao hata aliye mbali angeuona, huku nikiongea na mtu mwingine. Mwalimu akiita, "Danieli!" mimi najibu, "Safi." Sauti yangu ilikuwa nzito na yenye uhakika, kwa maana hilo nalo tulifundishwa.

Kaka aliuacha mguu wake umenyooka kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha anauliza, "Tayari?"

"Tayari, kaka."

Anavaa soksi. Halafu anapiga goti, anaupapasa mguu wangu wote, kidole kwa kidole.

Iliendelea hivyo mpaka msimu wa mvua. Jumamosi moja tulirudi uwanjani tumeloa, na mimi nilikuwa namweleza mtu fulani kuhusu mapafu. Kaka alivua kiatu, soksi akaishusha nusu.

"Mdogo wangu, nitazamie vizuri hapo chini leo. Kiatu kinanikalia vibaya."

Niliteremsha macho. Niliona soksi iliyoloa na kipande cha kifundo. Ilinipasa niishike soksi hiyo mbichi niivute, niugeuze unyayo juu. Yule mtu wa mapafu alikuwa ananisubiri nimalize sentensi.

"Pako sawa, kaka. Ni maji tu."

Mwalimu akaita jina lake. Nikasema, "Safi."

Aliyekigundua kidonda ni shemeji, siku za katikati ya wiki, kwa harufu ya soksi alizokuwa anafua. Kijiwe kilikuwa kimeingia kwenye kiatu, kikatoboa unyayo karibu na kidole gumba, na kaka akatembea juu yake shambani siku hizo zote bila kusikia kitu. Tulipomfikisha hospitali, mguu ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Walijitahidi. Kisha daktari akatuita mimi na shemeji, akatuambia wanaukata chini ya goti ili wamwokoe yeye.

Kundi lilikuja kumwona wodini, wamevaa sare zao za mazoezi, wamebeba chupa za uji. Mama Shufaa alileta mapeasi, kaka akamwambia, "Wewe mwanamke, na utamu huo, mguu huu uliobaki nao hutaki nibaki nao?" Watu wakacheka huku wanafuta macho.

Mwalimu Rajabu hakucheka. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, pale ambapo shuka lilikuwa limelala tambarare.

"Danieli," alisema, "hebu nisaidie. Sisi tunatazamana kila Jumamosi. Daktari anasema kidonda hiki si cha jana. Kimepitaje?"

Mimi nilikuwa upande wa dirisha. Kaka aligeuza kichwa akaniangalia, si kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini aliniona.

"Sikumvulia pacha wangu," akasema. "Jumamosi kadhaa nilimkatalia. Nilisikia baridi."

"Ulimkatalia?"

"Nilimwambia aseme safi, basi. Ni ubishi wangu."

Mwalimu akanigeukia. "Ni kweli?"

Wasomaji, mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kusema neno moja tu. Badala yake niliinamisha kichwa kwa huzuni, namna ambayo kila mtu aliielewa kuwa ni ndiyo. Mama Shufaa hata alinishika bega. Alinipa pole.

Shemeji alikuwa ameketi kwenye stuli pembeni ya kitanda. Alimtazama mumewe kwa macho ambayo sikuwahi kumwona nayo.

"Kumbe unawakatalia," akamwambia polepole. "Mimi nyumbani nimetulia, kumbe unawakatalia."

Baada ya wiki chache kaka alirudi nyumbani na magongo. Nilimtembelea karibu kila siku, nikijiambia kwamba huko ndiko kulipa. Siku moja tulipokuwa wawili nje, akiota jua, nilianza kusema. Sikufika mbali.

"Kaka, kuhusu ile siku hospitalini..."

"Acha."

"Ulikuwa na haki ya kusema ukweli."

"Ningesema, Rajabu angekusema mbele ya watu," akajibu. "Wewe ungevumilia? Ungefunga mzigo kesho yake urudi Dar. Mimi kuitwa mbishi nimezoea, tangu utoto. Wewe hujazoea kuitwa chochote."

Akageuza mazungumzo, akaniuliza kama karoti za upande wa chini zimepaliliwa.

Alinijua hivyo, na bado alinichagua. Mimi nikachukua maneno yale nikayafanya ruhusa. Nilijiambia ni yeye mwenyewe ametaka, mimi ni nani hata nimvunjie heshima yake. Ukiwa na elimu ya kutosha, hata woga unaweza kuuandikia hoja.

Nilirudi kwenye mazoezi. Nilipewa pacha mwingine, nikawa napiga goti mpaka magoti yanachubuka. Na kila walipokuja wanachama wapya, Mwalimu Rajabu aliwasimamisha na kuwaeleza kwa nini tunavua viatu. Alikuwa na mfano mpya.

"Alikuwepo mwenzetu hapa, Danieli, mtu mwema sana," alisema. "Lakini mbishi. Pacha wake ni ndugu yake wa damu, na bado akamkatalia. Leo anatembelea magongo. Msiwe kama Danieli."

Wapya walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi nilisimama katika mstari, mikono nyuma. Mara ya kwanza nilitoka jasho. Baadaye nikazoea, na hilo ndilo linalonitisha zaidi ninapolikumbuka.

Kaka hakufika mbali. Figo zilianza kuchoka, akawa mtu wa kitandani, na mavuno ya maharage yalipokaribia akafariki. Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na baba. Kwaya ya usharika iliimba, na Waislamu wa kundi letu ndio waliochimba kaburi tangu asubuhi. Mwalimu Rajabu alipewa nafasi ya kusema kwa niaba ya kundi. Alimsifu kaka kwa ukarimu na utani wake, kisha akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba marehemu ametuachia fundisho, kuwa tusikilize tunapoambiwa.

Mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya familia. Niliwashukuru wote kwa kufika. Nilikuwa na maneno mazuri. Watu walinisifu baadaye kwamba nimezungumza vizuri.

Wageni walipoondoka, Tumaini, binti wa kwanza wa kaka anayefanya kazi Korogwe, alikuja kuketi karibu yangu. Ni mtoto niliyembeba. Macho yalikuwa yamevimba.

"Ba mdogo," akasema, "mimi namkasirikia baba. Najua ni dhambi. Lakini kuvua soksi tu, ba mdogo? Soksi tu? Alishindwaje kutufanyia hata hilo?"

Nilifungua mdomo, nikamwambia, "Pole mwanangu."

Nilivumilia siku chache tu baada ya hapo. Nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa uani, ameketi kwenye mkeka, anapukuchua maharage ambayo kaka aliyapanda kwa mikono ya vibarua, akiwaelekeza kutoka kitini. Nilimwamkia. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza kuzunguka.

"Shemeji, kaka hakunikatalia. Alivua kila Jumamosi. Mimi ndiye sikutazama."

Mikono yake ikasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Nikamweleza kuhusu soksi iliyoloa, kuhusu "ni maji tu." Nikamweleza kwamba kaka alisema uongo wodini kwa ajili yangu, na mimi nikaukubali.

Aliweka chini ganda la maharage alilokuwa nalo mkononi. Alipoanza, aliongea taratibu, kama mtu anayepanga vyombo.

"Mimi ndiye nilikuwa namtazama. Kila jioni akitoka shamba, namwosha miguu kwenye beseni, namtazama na taa. Aliponiambia pacha wake kule sasa ni wewe, nikasema moyoni, huyo ni damu yake, tena amesoma, atamwona kuliko mimi. Ndipo nikaacha."

"Shemeji..."

"Ngoja. Alipokatwa, unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, umejikata mwenyewe. Nilimwambia hivyo huku nambadilisha bendeji. Akiomba maji namwambia, haya maji ungejiletea mwenyewe kama usingekuwa mbishi. Mpaka mwisho, baba mdogo. Mpaka wiki ile ya mwisho nilimsema. Na yeye ananyamaza. Nikadhani ananyamaza kwa sababu ana kosa."

Akainua uso.

"Alikuwa anakunyamazia wewe."

Halafu akaniita kwa jina langu, lile la ubatizo. Tangu aolewe katika nyumba yetu hakuwahi kulitamka. Kwetu shemeji hamwiti mdogo wa mumewe kwa jina. Akaendelea kwa Kishambaa, na maneno hayo nitayaacha kwenye ua ule. La mwisho alilisema kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Nenda ukawaambie watoto wangu. Kisha nenda uwanjani ukawaambie wale wote wanaomtumia mume wangu kama mfano."

Niliwapigia simu watoto siku hiyo hiyo, Tumaini wa mwisho. Alisikiliza mpaka mwisho, akakata.

Jumamosi nilisema mbele ya kundi, kabla ya kukimbia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Mama Shufaa, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga yake akatazama upande wa mlima.

Mwalimu Rajabu alinisogelea.

"Nimemsema mtu yule," akasema, "akiwa hai na akiwa amekufa. Nimemsema juu ya kaburi lake, watoto wake wananisikia. Na wewe umesimama hapo unanisikiliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nitakwenda kwa mjane kuomba radhi, kisha niende kaburini. Wewe usinifuate."

Hawakunifukuza. Ningetamani wangenifukuza, ningekuwa na cha kulalamikia. Ninakwenda kila Jumamosi, ninakimbia kwenye mstari, na ninaimba. Shemeji nikifika ananijibu salamu na kunikaribisha kiti, kama mgeni kutoka wilaya nyingine. Tumaini alikuja likizo, tukakutana barabarani karibu na soko, mchana, watu wamejaa. Alinipita bila kunipa shikamoo. Wenzangu wa Lushoto mnajua uzito wake. Mama mmoja aliyekuwa anapanga nyanya aliacha kupanga akatutazama. Sikumwita binti yule wala sikumlaumu.

Jina langu sijaliandika. Wa huku wananijua tayari, na wa mbali halitawasaidia.

Lakini neno hili ninalo kwa ajili yenu. Makundi haya ya mazoezi yapo kila mji sasa, na ni mazuri, jiungeni. Ila kama wewe ni kama mimi, kama umeingia na viatu vipya na kasi yako na vitabu vyako, na unaona taratibu za wenzako zinakuchelewesha, basi ondoka mapema ukakimbie peke yako. Huko hutamuumiza mtu. Ukiamua kubaki, fanya ulichopewa, hata kikikuchafua magoti, hata wakikucheka. Kwa sababu ukisema umetazama na hukutazama, anayedanganyika si yule aliye mbele yako peke yake. Nyumbani kwake kuna mtu mwingine, yuko na beseni la maji ya moto na taa mkononi, na kwa sababu ya neno lako ataviweka chini.